Themomita za friza: moja naiamini, nyingine zinadanganya

Nauza samaki wa kugandisha na barafu za ubuyu nyumbani, Mwanakwerekwe, Zanzibar. Baridi ya huku si kitu. Hata kipupwe cha Julai, usiku joto haliendi mbali chini ya nyuzi 22. Baridi yangu mie imo ndani ya friza, inatakiwa iwe nyuzi 18 chini ya sifuri, na umeme ukikatika nataka kujua imebaki kiasi gani kabla pweza hajaanza kulegea. Basi nimenunua themomita za kila aina madukani Darajani.

Ya duara yenye mshale ndiyo rahisi kuliko zote, na ndiyo mbovu. Ndani yake mna utepe wa madini mawili uliojikunja, hujivuta na kujilegeza kwa joto. Ukiiangusha mara moja tu mshale unahama na haurudi. Yangu niliitia kwenye kikombe cha barafu iliyopondwa na maji kidogo, nikakoroga, nikasubiri. Hapo jibu ni sifuri, hakuna jengine. Yenyewe ikasimama kwenye 5.

Ya kioo yenye maji mekundu si mbaya. Yale mekundu ni spiriti iliyotiwa rangi, na kwa baridi kali inaishinda zebaki, ambayo huganda ikikaribia nyuzi 39 chini ya sifuri. Ndugu zetu walioko Canada kuna sehemu baridi hufika huko, sisi friza zetu hazifiki. Tabu yake ni safari: ikilazwa na kutikiswa ndani ya boksi, ule mstari mwekundu hukatika katikati, na wewe unasoma kipande cha juu kilichojitenga. Itazame vizuri kabla ya kulipa. Na usije ukaijaribu kwenye maji yanayochemka, maana nyingi mwisho wake ni nyuzi 50 na kioo kitapasuka.

Ya betri inayokaa nzima nzima ndani ya friza sikuipenda hata kidogo. Betri za kidonge huishiwa nguvu kwenye baridi, tarakimu zikafifia, nikadhani imekufa. Nikaitoa, ikapata joto la jikoni, ikafufuka. Sasa ya nini? Na ile ya bastola unayoilenga husoma uso wa kitu tu. Ukiielekeza kwenye bati linalong'aa inakupa habari za kwengine kabisa.

Ninayoitumia ni ya waya: kioo chake nimekibandika nje ya friza, kichwa cha waya kimo ndani. Kwenye barafu ilisoma 0.3, nikaridhika. Kichwa sikukiacha kikining'inia, kwa sababu watoto wakifungua kuchukua barafu hewa inapanda mara moja na namba zinakutia wasiwasi bure. Nimekichomeka katikati ya mifuko ya samaki, mbali na ukuta wa friza, kwa hivyo kinapima bidhaa yenyewe. Kasoro yake ni pale waya unapopita kwenye mpira wa mlango: usipoulaza bapa, hewa ya nje inaingia na theluji inajijenga hapo hapo.

Bei yake ni kama mara tatu ya ile ya mshale. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako, na ukiweza nenda na kikombe chako cha barafu. Mmoja alinicheka, mwenzake wa duka la pili akaniletea kijiko cha kukorogea, na huyo ndiye aliyepata pesa yangu.