Mabuti ya kupandia Kilimanjaro: yapi ununue, yapi uyaache, na namna ya kuyakalisha mguuni

Buti baya halimtesi mtu sana wakati wa kupanda Kilimanjaro. Humtesa siku ya kushuka. Anayeondoka kambi ya Barafu usiku wa manane na kufika Uhuru, mita 5,895, asubuhi, kwa kawaida hulala Mweka siku hiyohiyo, kwenye mita 3,100 hivi. Hizo ni karibu mita 2,800 za mteremko kwa siku moja, na kila hatua vidole vinasukumwa mbele. Kiatu kilichopungua nusu sentimita hakikusumbui ukiwa umesimama dukani, lakini kwenye mteremko ule kitakutoa kucha za vidole gumba.

Kwa hiyo katika mwongozo huu jina la kampuni linakuja mwisho. Kwanza umbo la mguu wako, pili umri wa soli, tatu bei. Nawaandikia wanaojilipia wenyewe: wanafunzi, wafanyakazi wanaochangishana kwa safari ya Desemba, na vijana wanaoanza kazi ya upagazi. Mtalii kutoka nje huja na buti lake. Sisi wengi tunaanzia sokoni, na sokoni kuna mabuti mazuri sana kwa anayejua kuyachagua.

Pima mguu kabla hujapima kiatu

Mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na mlimani huvimba zaidi. Upime jioni, ukiwa umevaa soksi nzito utakazopandia. Simama juu ya karatasi, uzito wote uwe mguuni, uchore, kisha pima kutoka kisigino hadi kidole kirefu kuliko vyote (kwa wengine ni cha pili, si gumba). Fanya hivyo kwa miguu yote miwili na ufuate ule mkubwa.

Namba za viatu zinachanganya. Ya Ulaya si ya Uingereza, na ya Marekani ya wanawake si sawa na ya wanaume. Funua ulimi wa buti usome lebo: mara nyingi pamoja na namba hizo kuna urefu kwa sentimita. Huo ndio wa kuanzia, ila kumbuka unaeleza mguu ambao kiatu kilikusudiwa, na makampuni hayalingani. Lebo inakupa mabuti ya kujaribu, haikuchagulii.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote hakihitaji hata kuvaa kiatu. Toa soli ya ndani, iweke chini, ipande. Kidole kirefu kibakize nafasi ya upana wa kidole cha mkono mbele yake, na nyama ya mguu isimwagike pembeni, hasa pale wayo unapokuwa mpana. Ikimwagika, buti ni jembamba kwako, na kuongeza namba kutakupa urefu usiouhitaji huku upana ukibaki tatizo. Tafuta umbo jingine. Kati ya makampuni ya mabuti, Keen wanajulikana kwa pua pana. La Sportiva mara nyingi ni nyembamba. Miguu iliyokua ikitembea peku au na ndala huwa mipana mbele, na wengi wetu tunayo hiyo.

Ukishavaa, usifunge kamba kwanza. Sukuma mguu hadi vidole viguse mbele, kisha ingiza kidole cha mkono nyuma ya kisigino: kiingie bila kulazimishwa. Sasa funga kamba, tafuta ngazi, ushuke taratibu ukikanyaga kwa uzito. Piga ncha ya buti ukutani mara kadhaa. Vidole vikigusa mbele, rudisha buti, hata muuzaji akuapie kwamba ngozi itaachia. Ngozi huachia kwa upana. Kwa urefu haiachii.

Nafasi ya kwanza: buti jepesi la mtumba, lenye soli nzima

Hili ndilo chaguo langu kwa mtu wa kipato cha kawaida. Namaanisha buti linalofunika kifundo cha mguu, la ngozi au la ngozi iliyochanganywa na kitambaa kigumu, ambalo jozi yake haizidi sana kilo moja na robo. Uzito ulioko mguuni huchosha kuliko uzito uleule mgongoni, kwa sababu unauinua upya kila hatua. Watu wengi hawahitaji buti zito Kilimanjaro. Njia za kawaida ni za kutembea. Hata ukuta wa Barranco, katika njia ya Machame, unapandwa kwa mikono na miguu bila vifaa vya barafu, na pale soli inayopinda kidogo hushika mwamba vizuri kuliko soli ngumu.

Mabuti haya yanapatikana kwenye masoko ya mitumba: Memorial mjini Moshi, Karume jijini Dar es Salaam, Gikomba na Toi jijini Nairobi. Mengi yalivaliwa mara chache huko Ulaya yakaachwa kabatini, na hapo ndipo penye hatari ambayo wanunuzi wengi hawaijui.

Kati ya soli ya chini na ngozi kuna tabaka laini linalobeba mshtuko. Katika mabuti mengi ya milimani tabaka hilo ni la poliyurethani. Ni imara na halibonyei upesi, lakini unyevu wa hewa huivunjavunja polepole hata kiatu kisipovaliwa. Miaka ikipita, mara nyingi kati ya mitano na kumi tangu kutengenezwa, huanza kumeguka kama keki kavu. Buti linaonekana jipya, ngozi inang'aa, meno ya soli hayajaguswa. Siku ya pili mlimani soli nzima inaachia. Kuliacha kabatini hakulilindi. Joto na unyevu, hasa wa pwani, huharakisha mambo.

Kwa hiyo fanya hivi, na muuzaji akikukataza ondoka. Bonyeza tabaka hilo kwa ukucha wa kidole gumba pande zote, hasa kisigino. Likibaki na kovu, likinata au likidondosha unga, acha. Pinda buti kwa nguvu uangalie mipasuko midogo. Vuta ukingo wa soli pale mbele. Kisha tafuta tarehe ya kutengenezwa, ambayo mara nyingi imechapwa kwenye lebo ya ulimi, mwezi na mwaka. Tabaka la EVA, lile jepesi la viatu vya mbio, halimeguki namna hii, lakini hubonyea kwa matumizi. Ukiona mikunjo mingi pembeni, limechoka.

Usidanganywe na alama ya njano ya Vibram, kampuni ya soli za mpira. Ni alama nzuri, na mpira wao unashika. Mwanzilishi wake, Vitale Bramani, alianza kutengeneza soli za mpira wenye meno baada ya wenzake sita kufa katika milima ya Alps mwaka 1935. Lakini alama hiyo inasema habari za mpira wa chini tu. Tabaka la juu yake linaweza kuwa limeoza.

Nafasi ya pili: buti jepesi jipya

Kama fedha ipo, hili ni salama zaidi kwa upande wa soli. Nimeliweka la pili kwa sababu bei yake ni mara kadhaa ya mtumba, na fedha hiyo ingenunua soksi za sufu, soli nzuri ya ndani, gaita za kuzuia changarawe, na bado ikabaki ya fundi. Jaribu kabla ya kulipa. Kuagiza mtandaoni buti ambalo hujawahi kulivaa ni kubahatisha, na nembo za bandia ni nyingi. Utando wa kuzuia maji, Gore-Tex au mwingine, una faida kwenye tope la msitu na wakati wa masika na vuli, ila hukawia kukauka ukilowa ndani.

Nafasi ya tatu: kukodi

Moshi na Arusha kuna maduka ya kukodisha vifaa. Kwa anayepanda mara moja maishani ni busara, mradi afike siku mbili kabla na apewe nafasi ya kutembea nayo. Usikubali kuletewa buti getini asubuhi ya safari. Kijana anayeanza upagazi aulizie kwanza shirika la KPAP hapo Moshi, ambalo huwaazima wapagazi nguo na vifaa vya mlimani bila malipo. Hakuna sababu ya mtu kubeba mzigo wa watu na viatu vya mpira wakati msaada huo upo mjini kwake.

Nafasi ya nne: buti zito la ngozi tupu

Ni zuri kwa baridi na hudumu, na likishonwa vizuri hubadilishwa soli mara kadhaa. Lakini huhitaji wiki nyingi kuzoea mguu, na jozi ikikaribia kilo mbili utailaumu kuanzia msituni. Linamfaa kiongozi anayekuwa mlimani mwaka mzima.

Nafasi ya tano: raba za kukimbilia milimani

Wako wanaopanda nazo hadi juu. Kwa siku za chini ni raha tupu. Usiku wa kilele, kipimajoto kikishuka chini ya nyuzi sifuri kwa kiasi kikubwa, zinaacha vidole wazi kwa baridi, na changarawe za kushukia huingia kila hatua. Zibebe kama jozi ya pili ya kuvaa kambini.

Usinunue kabisa mabuti ya walinzi yenye soli ya plastiki ngumu: huteleza kwenye mwamba uliolowa na huwa baridi mno. Viatu vya mpira vya mvua navyo si vya Kilimanjaro, ingawa kule Rwenzori nchini Uganda, kwenye mabwawa ya Bigo, ndivyo wenyeji na wageni wanavyovaa, na wana haki.

Sasa mpelekee fundi

Buti lililokaa vizuri kwa sehemu kubwa linaweza kumaliziwa. Hapa ndipo mtumba unapogeuka kuwa wako.

Kama nundu ya mfupa pembeni mwa gumba inabanwa, weka alama ya chaki pale pale, kisha mwombe fundi aitanue ngozi kwa kalibu usiku kucha baada ya kuilowanisha. Ngozi tupu hukubali. Buti lenye utando hukubali kidogo, na likilazimishwa utando huchanika. Kama kisigino kinapanda na kushuka, usikimbilie kuongeza soksi. Weka kipande cha felti chini ya ulimi, kiusukume mguu nyuma. Mara nyingi tatizo huisha hapo. Soli ya ndani iliyokuja na buti kwa kawaida ni nyepesi mno. Badilisha, lakini nyingine isiwe nene kiasi cha kumeza nafasi ya vidole.

Fundi akitaka kushonea soli kuzunguka, mruhusu apite kwenye ukingo wa nje tu. Sindano ikipita ndani, maji yatapita humo humo. Na mkatalie akitaka kukubandikia mpira wa tairi chini yote: buti litakuwa zito na halitapinda.

Kamba nazo ni marekebisho. Wakati wa kupanda, legeza kifundoni ili mguu upinde. Kabla ya kuteremka kaa chini ufunge upya: vidoleni legeza kiasi, kwenye kiungo cha mguu zungusha kamba mara mbili kabla ya kuvuta ili isilegee, kisha kaza juu. Kisigino kikishikwa nyuma, vidole havigongi mbele. Ni dakika tatu, na watu wengi huziruka kwa sababu wamechoka na wanataka kushuka.

Kumbuka kwamba kubana ni baridi. Ukivaa soksi nene hadi buti likaze, damu haipiti vizuri, na vidole hufa ganzi kabla hujafika Stella Point, pale kwenye ukingo wa kreta. Soksi moja nyembamba na moja ya sufu zinatosha, kama buti ulilijaribu nazo tangu mwanzo. Pamba ikilowa jasho hubaki na baridi, iache nyumbani.

Nunua buti angalau mwezi mmoja kabla ya safari. Livae kwenda kazini, panda nalo ngazi, mwishoni mwa juma tembea nalo saa tano au sita ukiwa na begi. Linapolowa, toa soli ya ndani, jaza magazeti, liache kivulini penye upepo. Usilianike karibu na jiko wala moto wa kambini, maana gundi hulainika na ngozi hupasuka. Mlimani usiku liingize ndani ya hema.