Bunduki ya mitutu iliyopandana: ipi ununue ukiwa Nairobi

Anayetafuta bunduki ya marisau Nairobi, hasa ile ya mitutu miwili iliyopandana, mmoja juu ya mwingine, huanza na majina: Beretta au Browning? Afadhali aanze na mahali. Utaifyatulia wapi? Uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haikulegeza kamba. Kanga na kwale utawafuata Tanzania, kwa kibali cha kule na karatasi za kuvusha silaha mpakani, pengine mara moja kwa mwaka ukijaliwa. Wikendi nyingine zote ni za visahani vya udongo, vinavyorushwa hewani ili uvipige.

Hapo hesabu inabadilika. Ushauri mwingi kutoka Ulaya unamlenga mtu anayetembea kutwa nzima na bunduki mkononi, ndiyo maana unasifu wepesi. Wewe utasimama kituoni, yaani mahali pa kufyatulia uwanjani, ufyatue, upumzike. Bunduki ya karibu kilo tatu na nusu, yenye mitutu ya sentimita 76, haiumizi bega sana na hufuata kisahani bila kukwama njiani. Ile ya kilo tatu itakupendeza dukani, lakini kabla ya kisahani cha hamsini utakuwa unakunja uso kila ukivuta kifyatulio. Chukua geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu; namba ikiwa ndogo, mtutu ni mpana). Geji 20 ni tamu kubeba porini, lakini kuitafutia risasi ni kazi zaidi.

Basi kwa mtu wa visahani kwanza na ndege baadaye, mimi nazipanga hivi.

1. Browning B525, au Miroku

Mitutu iliyopandana kama tunavyoijua leo inamdai sana John Browning. Alifariki mwaka 1926 huko Liège, Ubelgiji, kabla bunduki yake ya Superposed haijaingia sokoni, na mwanawe Val akaiendeleza. B525 ni mjukuu wa kazi ile. Bawaba yake, pale bunduki inapokunjika kufunguliwa, ni pini nene inayopita upande hadi upande chini ya mitutu, kwa hiyo chuma cha kati, kinachobeba mtambo wa kufyatulia, ni kirefu kwenda juu na bunduki inajaa mkononi. Wapo wasioipenda kwa sababu hiyo. Mimi naona ndiyo faida yake: hutulia, na huvumilia maelfu ya risasi.

Inatengenezwa Japani katika kiwanda cha Miroku, ambacho pia huuza bunduki kwa jina lake chenyewe. Ukiona Miroku MK38 iliyotunzwa vizuri, usiipite ati kwa sababu jina halijulikani mtaani. Mara nyingi bei huwa chini, na kazi ya mikono ni ile ile.

Jambo moja ulijue mapema. Kifyatulio cha B525 hutegemea mshtuko wa risasi ya kwanza ili kuuandaa mtutu wa pili. Risasi ya kwanza ikikataa kulipuka, ya pili nayo haitatoka kwa kuvuta tu. B725 ina mfumo usiohitaji mshtuko, na ukiwa na uwezo wa kuongeza pesa, hapo ndipo pa kuziweka.

2. Beretta 686 Silver Pigeon

Beretta wako kazini Gardone Val Trompia, Italia, tangu 1526, na 686 pengine ndiyo bunduki utakayoiona sana popote wapigaji wanapokutana. Bawaba yake ni vifundo viwili pembeni, hakuna pini inayopita chini, kwa hiyo chuma cha kati ni kifupi na mikono inakaa karibu na mstari wa mitutu. Mwenye viganja vidogo ataielewa mara moja. Vifundo hivyo vikilika, fundi huvibadilisha. Nimeiweka ya pili kwa sababu ya uzito tu, kwani kwa kawaida ni nyepesi kidogo. Anayekwenda Tanzania mara kwa mara aipandishe iwe ya kwanza, wala sitabishana naye. Kwa kina mama kuna toleo la Vittoria, lenye kitako kilichochongwa kwa ajili yao.

Ila angalia kizuizi cha usalama. Matoleo ya uwindaji mara nyingi hujifunga kila ukifungua bunduki. Porini ni jambo jema. Kituoni utaita kisahani, uvute, na kimya, kisahani kimeenda.

3. Caesar Guerini, Rizzini, Fabarm

Wote wa mkoa wa Brescia, majirani wa Beretta. Mbao zao nzuri, nakshi nzuri, na uzito wa matoleo ya mashindano unafaa sana. Kwa urembo ningezipandisha. Kinachozishusha ni vipuri: kabla hujalipa, muulize muuzaji akuonyeshe springi na pini za kufyatulia alizo nazo kabatini. Ahadi ya kuagiza usiihesabu.

4. Baikal IZH-27

Mrusi kutoka Izhevsk. Kifyatulio kigumu, mbao za kawaida, na nyingi za zamani zina midomo ya mitutu iliyobanwa moja kwa moja (kubana huzuia marisau yasitawanyike haraka), tena kwa nguvu mno kwa visahani vya karibu. Lakini haivunjiki ovyo. Kwa bajeti ndogo ni afadhali hii kuliko nyingi zinazong'aa.

5. Za Uturuki

Huglu na ATA wana bunduki nzuri. Hata CZ huuza zilizotengenezwa na Huglu. Tatizo langu na soko la Uturuki kwa ujumla ni kwamba mbili za jina moja zaweza kutofautiana. Ikague ile ile utakayoondoka nayo.

Perazzi MX8 nimeiacha nje ya orodha. Ilizaliwa kwa ajili ya Olimpiki ya Mexico ya 1968, na mtambo wake wa kifyatulio hutoka mzima mkononi. Bei ya mpya itakununulia Probox na chenji ibaki.

Kabla ya kutoa pesa

Hakikisha haina kitu, funga macho, ipandishe begani kwa kawaida yako, kisha fungua. Ukiona ule mstari wa chuma juu ya mtutu umetandazika wote kama barabara, kitako kiko juu mno. Ukiona chuma cha nyuma tu, kiko chini. "Utaizoea, mkubwa," muuzaji atasema. Hutaizoea. Tafuta yenye mgongo wa kitako unaorekebishwa, au umtafute fundi. Wa mkono wa kushoto aseme mapema, maana vitako vingi vimepindishwa kidogo kwa wa kulia.

Ikiwa ni ya mtumba, toa ubao wa mbele na uitikise mitutu: isicheze hata kidogo. Tazama wenzo wa juu, ule wa kufungulia bunduki: kwenye bunduki changa husimama kulia kidogo ya katikati, na unavyosogea kushoto ndivyo mfungo ulivyolika. Ining'inize mitutu peke yake na uigonge kwa kucha. Ikilia kama kengele, sawa. Ikitoa sauti butu, huenda ulehemu kati ya mitutu umeachia, na ukarabati wake si wa fundi wa kawaida.

Choki, vile vibano vya mdomo wa mtutu vinavyobadilishwa, zinatosha mbili: ya kubana robo na ya nusu.

Halafu kuna cheti cha kumiliki silaha. Chini ya Sheria ya Silaha, cheti hutaja bunduki na pia kiasi cha risasi unachoruhusiwa kununua na kuwa nacho. Wengi huomba kama watu wanaolinda nyumba. Raundi moja ya skeet, mchezo wa visahani vinavyorushwa kutoka pande mbili, ni visahani 25, risasi 25. Kwenye trap ya Olimpiki, ambako visahani hukimbia mbele yako, raundi za mchujo hukuruhusu kukipiga kisahani mara mbili, kwa hiyo raundi ile ile yaweza kula 50. Raundi nne kwa siku ni kawaida. Piga hesabu hiyo kabla hujajaza fomu.