Makumbusho ya Misheni Bagamoyo, nilimpeleka mshkaji asiyeshawishika

Jumamosi nimeenda pale Misheni na mshkaji wangu, tumekua mtaa mmoja, mambo ya kanisa hataki kabisa na mimi mwaka wa tatu huu namwelezea habari za Yesu, nikasema leo ngoja historia inisaidie. Makumbusho yapo kwenye jengo la zamani la masista, pametulia, picha kibao za mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu waliofika 1868, halafu kuna minyororo ya watumwa. Hapo jamaa akasimama kimyaa. Nikajua nimempata! Akanigeukia, "hivi hao watumwa waliokombolewa na mapadre, kuna aliyewauliza kama wanataka kubatizwa?" Aisee nilibaki natoa macho tu, sikuwa na jibu na sina mpaka leo.

Mnara wa kanisa la zamani usiukose, ndipo mwili wa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mskoti, ulipolala 1874 kabla ya kusafirishwa Uingereza kupitia Zanzibar. Huyo mzee mwenyewe miaka yote ile anayetajwa kumbatiza ni mmoja tu, Sechele, chifu wa Bakwena huko Botswana ya leo, 1848, kwa hiyo sijioni nimefeli saaana.

Mbuyu uliomeza mnyororo ndo uliomkosha, kapiga picha kama zote. Chakula tulikula kibanda cha nje huko, chipsi za baridi, tuachane nayo.

Nyota nne. Jamaa kasema atarudi, ila kwa ajili ya mbuyu.