Oksimita ya nyuzi za kioo kwa chumba cha MRI: nimeitumia miezi minane

Mimi ni nesi wa usingizi, niko Dar es Salaam. Mtoto akiingia MRI, ile mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, kazi yangu ni alale, asitikisike, na aamke salama. Akishaingia kwenye lile bomba uso simwoni vizuri, na kelele za mashine hazinipi nafasi ya kusikia anavyopumua. Tegemeo langu kubwa ni namba ya oksijeni kwenye damu, kwa asilimia, inayosomwa na oksimita, klipu ya kubana kidoleni.

Nilikotoka tulitumia oksimita ya kawaida, ya waya wa shaba. Siku moja tulimtoa mgonjwa tukakuta lengelenge kwenye kidole cha shahada, jeupe, ukubwa wa punje ya hindi. Alikuwa kwenye dawa ya usingizi, angesemaje kwamba anaungua? Waya ulikuwa umejikunja kitanzi juu ya mkono wake. Mashine ya MRI yenye sumaku ya nguvu ya Tesla 1.5 hurusha mawimbi ya redio ya karibu megahezi 64, na waya wa shaba huyanasa kama antena. Joto hujikusanya nchani, pale pale kwenye ngozi. Lile lengelenge sijalisahau.

Hii ya sasa haina shaba upande wa mgonjwa. Taa nyekundu na ya infraredi zimo ndani ya boksi, mbali na kitanda. Mwanga unapita kwenye nyuzi za kioo, jamii ya faiba inayotuletea intaneti mtaani, unapenya kidole, na unaobaki unarudi kwa uzi mwingine ukasomwe kwenye boksi. Kioo hakipitishi umeme, kwa hiyo hakuna waya wa kunasa mawimbi wala wa kuchoma mtu.

Wiki iliyopita nilikuwa na mtoto wa miaka minne, picha ya kichwa, dakika 40. Namba ilikuwa 98, 98, halafu 96, halafu 93. Nikaomba picha isimamishwe, nikaingia. Taya lilikuwa limelegea na ulimi umerudi nyuma. Nikaliinua, nikamwekea kitambaa chini ya mabega, namba ikapanda hadi 98, tukaendelea. Nje mama yake akaniuliza, "Sista, mwanangu kaamka?" Nikamwambia kaamka, mama, anakutafuta.

Sasa kasoro zake. Boksi lina betri na vyuma, na kibandiko chake ni pembetatu ya njano, yaani salama kwa masharti. Kwetu linakaa nyuma ya mstari wa sakafuni, limefungwa kabisa lisivutwe, maana sumaku haizimwi hata usiku. Klipu ni kubwa kwa vidole vya watoto. Mimi huiweka kwenye kidole gumba cha mguu na kuishika kwa plasta. Na haiondoi waya za ECG, kipimo cha mapigo ya moyo: moyo unapimwa kwa umeme, kwa hiyo zile bado nazinyoosha, nazitenga na ngozi kwa taulo, kila mgonjwa.

Kubwa zaidi, uzi hautaki kukunjwa. Wetu wa kwanza ulikanyagwa na gurudumu la kitanda. Kwa macho ulikuwa mzima, ila nyuzi za ndani zilikatika, mwanga ukafifia, namba ikaanza kurukaruka. Tulikaa wiki tatu tukisubiri mwingine, na watoto waliohitaji usingizi wakapangiwa tarehe upya. Mnaonunua, agizeni nyuzi mbili tangu mwanzo, na uzi utundikwe ukutani kwa duara pana. Usiviringishwe kwenye boksi.