Uzoefu wangu: kuunganisha picha za HDR za ndani ya kanisa kwa Lightroom

Picha zangu zote za ndani ya makanisa naziunganisha kwa Lightroom, programu ya Adobe ya kuhariri picha, kwa ile sehemu yake ya HDR (inaunganisha picha kadhaa za mwanga tofauti ziwe moja inayoonyesha penye mwanga na penye giza), na sina mpango wa kuhama. Nimeipenda kwa sababu haililazimishi kanisa kuwa na mwanga ambao halina. Kivuli kinabaki kivuli, ila sasa unaona kilichomo ndani yake.

Anayepiga picha kanisani anaijua shida yenyewe. Dirisha la vioo vya rangi likipigwa na jua linawaka kabisa, huku chini ya roshani ya kwaya hata mbao za mabenchi huzioni. Kihisi cha kamera nzuri ya kisasa, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ikiwa chini, kinabeba stopu 14 hivi, kila stopu ikiwa ni mwanga maradufu, na kati ya dirisha lile na kona ile tofauti inaweza kupita hapo. Ukipimia dirisha, kanisa lote linakuwa jeusi. Ukipimia mabenchi, dirisha linaungua, na kilichoungua hakirudi hata uhangaike vipi kwenye kompyuta. Watafiti Paul Debevec na Jitendra Malik, walipotoa mwaka 1997 njia yao ya kuunganisha picha za mwanga tofauti, walitumia mfano wa ndani ya kanisa, Memorial Church la Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani: picha 16, kutoka sekunde 30 hadi 1/1000 ya sekunde, jua likiwa nyuma ya dirisha mojawapo. Mpaka leo picha ile hutumika kujaribia programu za HDR, na mimi naona walichagua mahali penyewe.

Siku hizi huhitaji picha 16, kwa sababu faili moja ya RAW, yaani picha ghafi kama kihisi kilivyoipokea, inabeba mengi. Mwanga ukiwa wa mawingu, picha tatu zinazoachana stopu mbili zinatosha. Jua likiwa nyuma ya kioo napiga tano: 1/60, 1/15, 1/4, sekunde 1, sekunde 4. Kamera iko kwenye stendi, ISO 100, tundu la lenzi f/8, fokasi nimeifunga, kipima muda cha sekunde mbili ili mkono wangu usiitikise. Kinachobadilika ni kasi ya shata tu, yaani muda wa kuingiza mwanga. Tundu la lenzi usiliguse, maana ukilibadilisha, sehemu zilizo kwenye fokasi nazo zinabadilika na picha hazitalingana. Kisha naangalia histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha, giza likiwa kushoto na weupe kulia: picha ya giza kuliko zote isigonge ukuta wa kulia, na ile ya mwanga kuliko zote isibanane kushoto.

Kwenye Lightroom nazichagua zote, nabonyeza Ctrl+H, basi. Inachokupa ni faili ya DNG, aina mojawapo ya RAW, si picha iliyokwisha kupikwa, na hapo ndipo ilipo thamani yake. Kitelezi cha mwangaza, ambacho kwa kawaida kinaishia 5 kila upande, sasa kinafika 10. Rangi ya mwanga bado unaweza kuirekebisha kama kwenye RAW yoyote, jambo kubwa sana kanisani, kwa kuwa balbu zinatoa unjano na dirishani unaingia mwanga wa samawati. Mimi tofauti hiyo siifuti yote. Napunguza kidogo samawati iliyoangukia sakafu, na madhabahu naiacha na joto lake.

Matokeo yaangalie kwa karibu, kwenye dirisha lenyewe. Vipande vya kioo vinashikwa na fito nyembamba za madini ya risasi, na katika picha moja ya kawaida mwanga unazila zile fito mpaka kioo chote kinaonekana kama karatasi moja. Baada ya kuunganisha, kila mstari umerudi, na kwenye uso wa mtakatifu unaona hadi alama za brashi. Nguzo ya pembeni, iliyokuwa doa jeusi, inaonyesha makovu ya patasi. Programu niliyotumia kabla ya hii iliweza kuyatoa hayo yote, lakini ikazungushia kila dirisha utando mweupe, na dari ikawa ya kijivu kama imemwagiwa majivu. Picha kama ile inanichosha macho.

Kuna kipengele cha kuondoa mizuka, yaani vitu vilivyosogea kati ya picha na picha. Kanisa likiwa tupu nakizima. Mishumaa ikiwa inawaka naweka kiwango cha chini tu, kwa sababu mahali inapoondoa mzuka programu inategemea picha moja, na chenga, yaani vidoadoa vya picha yenye mwanga hafifu, zinaweza kujitokeza hapo. Kama stendi imekatazwa, naegemeza kamera kwenye mgongo wa benchi na kuiachia programu izipange picha yenyewe. Inafanya hivyo vizuri. Ruhusa ni ya kuomba kabla, na wakati wa ibada mimi sipigi.

Jiandae kwa faili kubwa na kompyuta yenye kumbukumbu ya kutosha, hasa ukitaka kuunganisha panorama ya HDR (picha pana ya pande kadhaa zilizounganishwa), ambayo tangu 2018 inafanyika kwa hatua moja. Kwa kuba na dari ndefu ni msaada mkubwa, mradi kila upande umeupiga kwa idadi ileile ya picha na kwa stopu zilezile. Kama tayari unalipia Lightroom, huna haja ya kununua kitu kingine kwa kazi hii. Kwangu ni nyota tano.