Lozi au biskuti za oti: kipi kinamfaa mwenye kisukari na kolesteroli ya juu?

Kwenye kolesteroli, oti ina silaha yake: beta-glukani, nyuzinyuzi zinazogeuka ute tumboni na kuondoka na asidi za nyongo, hivyo ini linalazimika kuvuta LDL (kolesteroli mbaya) kutoka kwenye damu ili kutengeneza nyingine. Kiasi kinachosaidia ni gramu 3 kwa siku, sawa na gramu 75 hivi za oti kavu. Biskuti mbili hazifikishi hapo, na nyingi zimejaa sukari na siagi. Tafadhali soma lebo kabla ya kuamini picha ya pakiti.

Lozi nazo hushusha LDL, hasa zikichukua nafasi ya kitafunio chenye mafuta mabaya.

Kwenye sukari ya damu, lozi zinashinda waziwazi: gramu 30 zina wanga wa gramu 6 tu hivi. Lakini zina kalori kama 170, na mkono ukizoea kopo, uzito hupanda. Zipime kwanza.

Kwa bei, oti kwa kawaida ni nafuu, na ukizioka mwenyewe unadhibiti sukari.

Sukari ikikupanda baada ya kula, mimi ningeanza na lozi zisizo na chumvi. Mfuko ukibana, au lozi zikikudhuru, oti inatosha. Mwenye matatizo ya figo amuulize daktari kwanza, maana lozi zina potasiamu na fosforasi. Sukari ikishuka ghafla, usitegemee chochote kati ya hivi, tumia glukosi. Na dawa za kolesteroli usiziache.