Tanga ya Mjerumani au Tabora ya Mwingereza, wapi kulinoga?

Watu wakiongelea shule za zamani wanakimbilia Tabora tu, mi naona Tanga inasahaulika sana na inaniuma. Shule ya serikali ya Tanga ilianza miaka ya 1890, somo linafundishwa kwa Kiswahili, dini haikulazimishwa ndo maana hata wazazi Waislamu wakawapeleka watoto. Afu kulikuwa na bendi ya matarumbeta na kiwanda cha kuchapa, gazeti la Kiongozi lilitoka hapo hapo! Hebu fikiria kijana anaokota herufi za madini ya risasi moja moja, zimegeuka kama kwenye kioo, anapanga neno la Kiswahili kuanzia kushoto huku vidole vimejaa wino, hiyo ni elimu ya mkono na kichwa kwa pamoja.

Tabora ilifunguliwa miaka ya 1920, lengo hasa watoto wa machifu, mabweni, viranja, Kiingereza, yaani shule za bweni za Uingereza zimehamishiwa Unyamwezini. Ilitoa viongozi kweli, Nyerere aliingia 1937, hilo halina ubishi.

Lakini ningepewa nafasi nichague dawati, ningekaa Tanga, karibu na ile mashine ya kuchapa.